Sufuria za Msiba na Duara la Waitara

Nyumba ya Mama Akech pale Nyangoto haikujua upweke. Kama hakuna mgeni kutoka Migori, yupo wa kutoka Itiryo. Kama hakuna aliyekuja kusalimia, yupo aliyekuja kudai sufuria. Sufuria za mtaa mzima zilipita kwenye ua huo. Akifa mtu, Mama Akech ndiye anayekusanya vyombo vya kupikia kwa majirani, na matanga yakiisha ndiye anayevigawa, na hapo ndipo maneno yanapoanza, maana hakuna mwanamke anayekubali kwamba sufuria yake ndiyo hiyo iliyotoboka.

Petronila alikuwa amepanga chumba cha pembeni. Mwenyewe mtu wa Mwanza, kamfuata mumewe Protasi, na Protasi kaifuata dhahabu, kama walivyoifuata nusu ya watu waliojazana pale. Wanawake wenzake walifungua migahawa na vibanda vya vocha. Yeye alikuja na kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuandika programu.

"Anaandika vitu ambavyo hata yeye akisoma anakunja uso," Mama Akech aliwaambia wageni, kwa fahari ya mtu anayemtambulisha mkwe daktari.

Kazi iliyomkunja uso siku zile ilitoka kwa Waitara, mwenye duara kule Nyakunguru, ndilo duara alilokuwa akishuka Protasi. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Juu mdomo wake umepangwa magogo, chini linapinda na kugawanyika kuufuata mwamba. Jioni watu wakishatoka, mwamba unapigwa baruti, ili kesho yake yapatikane mawe ya kupandisha. Kujua kama watu wametoka, Waitara alikuwa na njia yake: anainama, anapiga kelele shimoni, asipojibiwa anajua hamna mtu. Mpaka jioni moja alipokosa kujibiwa na mtu aliyekuwa amesinzia kwenye kona. Yule bwana alizinduka mwenyewe, akatokeza kichwa juu akipiga miayo, wakati fundi wa baruti anaunga waya. Waitara alikaa chini pale pale. Tangu hapo hakuuamini ukimya.

"Mkeo si mtu wa kompyuta?" alimwambia Protasi. "Anitengenezee kitu kwenye simu kiniambie duara liko tupu. Lakini kisinidanganye."

Protasi alilifikisha neno hilo nyumbani huku akila, kama jambo la kuchekesha. Petronila hakucheka. Kitu hicho kikidanganya, atakayekuwa chini anaweza kuwa huyu huyu anayemega ugali mbele yake.

Sasa, Petronila hakuwa mtu wa kuanza kila kazi kwenye udongo. Yeye na wenzake aliosoma nao chuoni walikuwa na maktaba yao kwenye mtandao, ila ndani yake hamna vitabu. Mna vipande vya programu. Ukitengeneza kipande kizuri unakiweka humo, ili mwenzako mwenye shida kama yako asihangaike upya. Tatizo la maktaba kama hiyo ni majina. Mmoja kakiita kipande chake "mlinzi", mwingine "bawabu", mwingine kakipa jina la mchumba wake. Ukitafuta kwa jina utazeeka. Kwa hiyo walikubaliana kwamba kila kipande kiwekwe na maelezo ya aina mbili, yaliyoandikwa kwa hesabu za kimantiki zisizo na utani: kabla hakijaanza kazi kinadai nini kiwe kweli, na kikishamaliza kinaahidi nini kitakuwa kweli. Mwenye kutafuta naye anaandika alicho nacho na anachokitaka. Mashine inapita kipande kwa kipande ikithibitisha: hiki hakidai zaidi ya ulicho nacho, wala hakitoi pungufu ya unachotaka, basi chukua.

Mama Akech aliwahi kumwuliza, akaelezwa, akaelewa haraka kuliko wanafunzi wengi. "Ni kama kutafuta mpishi wa harusi," alisema. "Jina lake la nini? Niambie anataka kuni ngapi na pilau litatosha watu gani."

Petronila akaandika. Nilicho nacho: idadi ya walioingia, na idadi ya waliotoka. Ninachotaka: simu iseme "tupu" pale tu idadi hizo zinapolingana. Mashine ikampa kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya maegesho ya magari huko Dodoma. Magari yakiingia kinajumlisha, yakitoka kinatoa, na uthibitisho wake ulikuwa umenyooka kama rula. Akakipachika kwenye simu ya kupangusa, ikapelekwa Nyakunguru.

"Kwa hiyo mimi ni gari," Protasi alisema.

"Gari bovu. Nenda kaoge."

Sifa zikaenea. Kila jioni Waitara anabonyeza, simu inasema tupu, baruti inalia, hamna mtu anayeumia. Mama Akech aliwasimulia wageni wa Migori kwamba mpangaji wake ameandika macho ya kuona chini ya ardhi, na wageni wakalipeleka hilo ng'ambo ya Sirari likiwa limenenepa zaidi.

Jumamosi moja Petronila akapanda bodaboda kwenda kuyaona macho yake yakifanya kazi. Alifika watu ndio wanajipanga kushuka, tochi vichwani, tindo na nyundo viunoni. Mtu wa kwanza akaweka mguu kwenye matimba, yale magogo ya kukanyagia, akazama. Wa pili naye. Petronila, bila kufikiri, akanyoosha kidole akawa anafuatisha kwa sauti: "Mmoja, wawili, watatu, wanne..."

Mazungumzo yakakatika. Mama aliyekuwa anamimina uji akasimamisha kikombe hewani. Waitara alikuja mbio, akakishika kile kidole cha Petronila akakikunja, si kwa ukali, kama mtu anayefunga kisu cha mtoto.

"Binti. Unafanya nini?"

"Nahesabu, mzee."

"Unahesabu watu? Juu ya shimo? Kuhesabu ni kuita mkosi. Mimi ng'ombe wangu sijawahi kuwahesabu, nawajua kwa rangi zao. Itakuwa watoto wa watu?"

"Samahani mzee, sikujua." Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Lakini nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinabisha hodi. "Ila mzee... kama huhesabu, kwenye simu unaweka nini?"

"Naweka tisa."

"Leo ni tisa?"

"Sijui. Wewe ndiye umehesabu." Akaitoa simu mfukoni, akabonyeza tisa mbele yake, akairudisha. "Tisa ni namba nzuri. Asubuhi tisa, jioni tisa, nayo inaniambia tupu. Haijawahi kunisumbua."

Mtu wa nane alikuwa ameshashuka, na wa tisa, na bado wengine walikuwa wanakaza kamba za viatu. Miongoni mwa hao Protasi, akimpungia mkewe mkono.

Petronila alikaa kwenye gogo. Alitafuta kosa kwenye kipande cha Dodoma, na kosa halikuwamo. Kipande kilisema wazi: mimi nadai nipewe idadi ya kweli. Yeye ndiye aliyeiambia mashine kwamba idadi ya kweli anayo. Aliandika hivyo akiwa chumbani kwake Nyangoto, wala hakumwuliza mtu, kwa sababu nani anauliza kama watu wanaweza kuhesabiwa? Kwao Mwanza abiria wanahesabiwa, wanafunzi wanahesabiwa, hata waumini kanisani wanahesabiwa. Siku zote hizo simu ilikuwa inaulinganisha mdomo wa Waitara na mdomo huo huo wa Waitara, na baruti inalia.

"Mzee, leo usilipue."

"Kwa nini?"

"Kile kitu kinakudanganya. Nimekiweka mimi."

Waitara hakumgombeza, na hilo lilimuuma Petronila zaidi. Alitia mkono mfukoni, akaizima simu, akamwita fundi wa baruti akamwambia arudi kwake.

Usiulize Petronila alirudije nyumbani. Ua ulikuwa umejaa kama kawaida, kulikuwa na matanga yaliyokwisha wiki ile, na wanawake walikuwa wamezunguka rundo la vyombo wakibishana. Akapita katikati yao bila salamu, jambo ambalo kwa Mama Akech ni dalili ya ugonjwa.

"Nyara," mwenye nyumba alimfuata mlangoni. Kwa lugha ya kwao ni 'binti yangu', na ndivyo anavyowaita mabinti wote aliowakubali. "Kafa nani?"

"Bado, mama."

Akamsimulia. Mama Akech alisikiliza akiwa ameegemea kizingiti, jicho moja likiwa kwa wagombezi.

"Hata kwetu hatuhesabu," alisema. "Dada yangu Migori ukimwuliza ana watoto wangapi, anakwambia, 'Wapo, wanakula.' Ungeniuliza." Kisha akageuka ghafla akapaza sauti uani: "Iache hiyo! Yenye alama ya rangi ya kucha ni yangu! Imetoka na mtu gani ile nyingine?"

Petronila alifungua kompyuta. Alijaribu kuandika upya alicho nacho, safari hii kwa uaminifu. Idadi, hapana, akafuta. Majina je? Shimoni watu hawatumii majina yao ya nyumbani, na nusu hawasomi haraka kwenye mwanga mbaya. Akafuta. Ana nini basi? Ana watu ambao kila mmoja anajijua. Waitara ana ng'ombe anaowajua kwa rangi. Akaandika polepole: nilicho nacho, kila anayeingia ana alama yake, na hakuna wawili wenye alama moja. Ninachotaka, simu iseme "tupu" pale tu kila alama iliyoingia imetoka, yenyewe hasa, si nyingine badala yake.

Mashine ikazunguka. Vipande vya maegesho vikaanguka kimoja kimoja, maana kwao gari ni gari tu. Kipande cha benki kikaanguka, kinadai kitambulisho. Kipande cha hospitali kikaanguka, kinadai jina la baba. Mwisho kikabaki kimoja, na Petronila aliposoma jina lake alisogeza kiti nyuma.

Sufuria za msiba.

Alikuwa amekiandika mwenyewe, miezi yake ya mwanzo kwenye nyumba ile, baada ya ugomvi wa vyombo uliokaribia kuvunja kikundi cha akina mama. Kila chombo kina alama: msalaba wa rangi ya kucha, kidoti cha kijani, pembe iliyogongwa. Msiba hauhesabiwi umeisha mpaka kila alama imerudi kwa mwenyewe. Sufuria ishirini zikiingia na ishirini zikitoka haimaanishi kitu, kama ya kwangu imekwenda kwako. Akina mama walikitazama, wakasema wao kugombana hawahitaji simu, wakakiacha. Naye akakitupia maktaba, na maelezo yake ya kabla na baada kwa sababu ndiyo kanuni, akasahau. Angekitafuta kwa jina asingekipata mpaka kufa. Nani mwenye akili anatafuta watu wa shimoni kwenye vyombo vya jikoni?

Kabla hajafurahi, alirudi kwenye kile kinachodaiwa, akakisoma neno kwa neno. Kila mmoja awe na alama. Zisifanane. Safari hii hakuandika "ninazo." Alifunga kompyuta, akaenda Nyakunguru kuuliza.

Waitara alilielewa jambo hilo kabla halijaisha kuelezwa. "Hii si kuhesabu watu," alisema. "Hii ni kurudisha vyombo." Ikafanyika mdomoni mwa duara, kila mtu achague picha yake kwenye simu. Kelele zilizotokea hapo zingefaa harusini. Wawili waligombea ng'ombe mpaka mmoja akahongwa pikipiki. Mzee mmoja alitaka picha ya mkewe, akaambiwa hamna, akachukua simba. Protasi alichukua jogoo.

"Jogoo wa nani?" walimtania.

"Muulizeni huyo aliyeandika programu."

Kushuka, unagusa picha yako, inatokea kwenye kioo. Kutoka, unaigusa tena, inapotea. Kioo kikiwa cheupe, duara tupu.

Jioni ya siku ya kwanza Petronila alikuwepo. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Serengeti, meusi, na fundi wa baruti alikuwa na haraka, hakutaka mvua imkute na waya mkononi. Watu walianza kutoka, wote weupe kwa vumbi la mawe, nyuso hazitambuliki. Ng'ombe akagusa akapotea. Pikipiki. Simba. Mmoja akatoka, akaipita simu bila kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji. Wengine wakafuata. Kisha matimba yakanyamaza.

"Wametoka wote," fundi alisema. "Nimewaona. Msururu ulioingia ndio msururu uliotoka."

Waitara aliitazama simu. Jogoo alikuwa bado amesimama katikati ya kioo.

"Amesahau kubonyeza," mtu alisema.

"Simu imeganda."

"Mzee, kibonyeze hicho kijogoo tuondoke, mvua hiyo!"

Kidole cha Waitara kilikuwa juu ya kioo. Kidole kile kile kilichokuwa kinabonyeza tisa. Petronila alitupa macho kwenye zile nyuso nyeupe akimtafuta mumewe, na kila aliyemdhania ndiye akawa siye. Moyoni alianza kuipitia programu yake kama mtu anayepapasa mifuko: huenda kweli imeganda, huenda nimekosea mahali. Halafu akajizuia. Kipande kimethibitishwa, hakisemi tupu mpaka alama irudi. Kama kuna uongo, uko nje ya simu, huku juu, kwa watu.

Waitara aligeuka akamwuliza mbele ya wote, taratibu, "Binti, kinanidanganya?"

"Mzee, mimi ndiye niliyeolewa na huyo jogoo. Usibonyeze."

Mtu mmoja alicheka, akaona hajaungwa mkono, akaacha. Waitara aliirudisha simu mfukoni, akaenda kwenye pipa la maji, akamshika bega yule aliyekuwa ananawa.

"Wewe picha yako ipi?"

"Picha gani?" Maji yalikuwa yamemfichua uso: mgeni. "Mimi naitwa Limbu. Ni wa duara la jirani, pale nyuma. Chini kuna tundu limetobokea kwenu, na matimba yetu yameoza, nikaona nipandie huku."

"Umemwacha nani humo?"

"Kuna jamaa ananisaidia. Kiroba changu kimenasa kwenye lile tundu, nimemwambia asukume huku, mimi nakuja kuchukua kamba..." Sauti ilipungua yenyewe alipoona waya mikononi mwa fundi.

Fundi alizitupa zile waya kama zimemuunguza. Limbu alishuka na kamba bila kuambiwa, na kwa muda pale juu ikawa ni upepo wa mvua tu na mahema ya plastiki yanapigapiga. Petronila alisimama akiwa ameshika gogo la mdomo wa duara kwa mikono yote miwili.

Kilitangulia kiroba. Kikafuata kichwa cha Protasi, kimenuna.

"Kamba muda wote huo! Mnadhani mimi nina..." Akaona nyuso. Akamwona mkewe ameng'ang'ania gogo. Akaziona waya chini. Alifuta kidole kwenye suruali, suruali yenyewe chafu kuliko kidole, Waitara akamshikia simu, akamgusa jogoo. Kioo kikawa cheupe.

Mvua ikawapiga wote wakiwa wamesimama pale pale.

Nyumbani kwa Mama Akech habari ilikuwa imefika kabla yao. Walipoingia walikuta Protasi ameshafufuliwa mara mbili kwa wageni tofauti, na toleo la pili lilikuwa na nyoka. Wakapewa chai, wakapewa nafasi kwenye mkeka, Protasi akaanza kusimulia akafika katikati akashindwa, akawa anazungusha kikombe tu.

Petronila aliingia chumbani na kompyuta yake. Kwenye maelezo ya kile kipande aliongeza dai jingine: kabla ya kazi, hakuna mlango mwingine wa kuingilia wala kutokea. Kisha akairudia maktaba na kuiuliza upya, akiwa mkweli kwamba hilo hana. Mashine ikazunguka, ikarudi mikono mitupu. Hakukasirika. Aliona ni jibu la haki kabisa. Hakuna kipande cha programu kitakachokwenda kuongea na jirani.

Hilo alikwenda kulifanya Waitara. Kesho yake alikaa na mwenye duara la nyuma, wakagombana, wakala pamoja, wakapatana: watu wa pande zote mbili wachukue picha, simu za midomo yote miwili ziwe zinaongea, na hakuna anayewasha baruti mpaka vioo vyote viwe vyeupe. Picha zilikuwa zimebaki chache. Limbu alipofika zamu yake aliikuta sufuria tu.

"Mimi mwanamume mzima niwe sufuria?"

"Chukua," Protasi alimwambia. "Hiyo ndiyo mama yao wote."

Jioni zikawa hivi: watu wanatoka, picha zinapotea, na daima kuna mmoja anayechelewa. Fundi anachungulia mawingu, wengine wananung'unika kwa njaa. Waitara halipigii kelele shimo tena, wala hana haja ya kujua ni wangapi. Anakaa kwenye gogo, simu juu ya goti, anamtazama yule aliyebaki kwenye kioo kama anavyotazama njia ya malisho jua likiegemea, ng'ombe wake mwekundu akiwa hajarudi.